Kombe la Afrika lisiipite Kigoma kwa mbali

Tarehe 27 Septemba 2023, mjini Cairo, Shirikisho la Soka la Afrika lilitangaza kwamba fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za mwaka 2027 zitachezwa katika nchi tatu za Afrika Mashariki, yaani Kenya, Uganda na Tanzania. Ombi la nchi hizo lilipewa jina la Pamoja. Neno hilo ni letu, tena ni zuri, lakini kila neno zuri lina deni lake. Likisemwa kuwa jambo ni la pamoja, hapana budi kuuliza ni nani waliomo ndani ya huo upamoja, na kama mwananchi wa Kibirizi, wa Ujiji, wa Kagunga au wa Kalya, ambaye hataona hata mechi moja ikichezwa mkoani mwake, naye ana fungu.

Viwanja vilivyotajwa vinajulikana. Kwa upande wa Tanzania upo Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, unaochukua watu 60,000 na uliofunguliwa mwaka 2007. Upo Uwanja wa Amaan, Unguja, uliofanyiwa ukarabati mkubwa. Upo pia uwanja mpya wa Arusha, wa watu 30,000, ambao mkataba wa kuujenga ulitiwa saini mwaka 2024. Kenya ilianza kujenga uwanja wa Talanta, Nairobi, wa watu 60,000. Uganda, mbali na Namboole, iliamua kupeleka uwanja wa watu 20,000 Hoima, mji wa magharibi ulio karibu na Ziwa Albert, katika eneo lililogunduliwa mafuta. Kigoma haimo katika orodha hiyo, na kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200.

Wapo watakaouliza: kama Hoima imepata, kwa nini Kigoma isipate? Swali hilo lina haki yake. Mkoa huu umezoea kuitwa mwisho wa reli, na msemo huo aghalabu hutumiwa na watu wanaodhani kwamba mahali reli inapokoma, na mambo nayo hukoma. Wanasahau kwamba pale reli inapokoma ndipo ziwa linapoanza, na ng'ambo ya ziwa hilo zipo nchi nyingine. Hata hivyo, kudai uwanja mpya mkubwa kwa ajili ya mwezi mmoja wa mashindano kungekuwa kudai kitu kisicho na faida ya kudumu. Historia ya mashindano haya barani Afrika inatosha kuonya.

Mwaka 2017 Gabon iliandaa Kombe hili na ikajenga uwanja wa watu zaidi ya 20,000 katika mji wa Oyem, kaskazini mwa nchi. Mashindano yalipokwisha, uwanja ule haukupata timu wala mechi za kulingana na ukubwa wake. Angola nayo, mwaka 2010, ilijenga viwanja vinne vipya, na kuvitunza kukawa mzigo. Lakini mfano unaofanana zaidi na Kigoma unatoka Mali. Mwaka 2002 Serikali ya nchi hiyo haikutaka mashindano yabaki Bamako peke yake, kwa hiyo ikayapeleka pia Ségou, Sikasso, Mopti na Kayes. Nia ilikuwa njema. Kayes ni mji wa reli, tena wa kando ya mto mkubwa, mji ambao Wafaransa waliufanya makao yao ya kwanza ya utawala wakajenga reli kutoka hapo kuelekea mashariki. Uwanja ukajengwa, mechi zikachezwa, wageni wakaondoka. Mwaka 2018 treni ya abiria kati ya Bamako na Kayes ikasimama, na ilirudi mwaka 2023. Kwa muda wa miaka mitano mji wa reli ulikuwa na uwanja wa kimataifa lakini hauna treni. Kama wananchi wa Kayes wangeulizwa mwaka 2020 ni kipi kati ya hivyo viwili walichokihitaji zaidi, jibu halingemshangaza mtu yeyote aliyewahi kulala stesheni akingoja behewa.

Hapo ndipo penye kiini cha hoja. Mashindano makubwa hayauachii mkoa kitu chochote chenyewe. Yanachofanya ni kuweka tarehe. Kazi zilizokuwa zikiahirishwa kwa miaka kumi hupata siku ambayo lazima ziwe zimekamilika, kwa sababu wageni wanakuja na dunia inatazama. Afrika Kusini ilipoandaa Kombe la Dunia mwaka 2010, treni ya haraka ya kutoka uwanja wa ndege wa Johannesburg hadi Sandton ilianza kazi siku chache kabla ya mechi ya kwanza. Wachezaji walirudi makwao zamani, na treni ile inaendelea kubeba wafanyakazi. Nchi yenye busara huchagua mapema kazi zipi zitakazofungwa kwenye tarehe hiyo. Nchi isiyo na busara hufunga viwanja peke yake.

Je, Kigoma imepata kuonja mkusanyiko wa namna hii? Imepata, ingawa kwa kipimo kidogo. Tarehe 25 Julai 2021 fainali ya Kombe la Shirikisho kati ya Simba na Yanga ilichezwa katika Uwanja wa Lake Tanganyika. Simba ilishinda bao moja kwa bila, bao la kichwa la Taddeo Lwanga, kijana wa Uganda, baada ya Mukoko Tonombe, Mkongo wa Yanga, kutolewa kwa kadi nyekundu. Hata katika mechi ile ya ndani ya nchi, mambo mawili makubwa ya siku yalitendwa na majirani. Watu waliokuwa wakiusikia mji wa Kigoma katika taarifa za hali ya hewa tu waliufikia kwa macho yao. Nyumba za wageni zilijaa, mama lishe waliuza, vijana wa bodaboda walipata abiria kuliko siku zote za mwaka.

Kisha ikawa Jumatatu. Huo ndio ukweli wa shughuli ya siku moja: faida yake huingia mfukoni mwa mtu siku hiyo, naye huitumia wiki hiyo. Kilichodumu ni kitu kingine, ambacho wengi hawakukiandika. Uwanja uliofanyiwa matengenezo kwa ajili ya fainali ulikuwepo timu ya Mashujaa ilipopanda Ligi Kuu katika msimu wa 2023/24, na tangu hapo mji ukawa na mechi za ligi za nyumbani badala ya kungoja bahati ya fainali. Si fainali iliyoipandisha Mashujaa. Waliipandisha wachezaji wake. Lakini timu isiyo na uwanja unaokubalika hupangiwa mji wa mbali, na mapato yake hubaki huko. Mwezi wa Aprili 2024 Mashujaa waliitoa Simba katika Kombe hilohilo la Shirikisho kwa mikwaju ya penalti, palepale Kigoma. Miaka mitatu baada ya wakubwa wawili kuja kugawana kombe mbele ya wenyeji, mwenyeji alimfunga mmoja wao nyumbani kwake. Watoto wa Ujiji waliokuwa wamekaa juu ya ukuta mwaka 2021 walikuwa na lao la kushangilia.

Kuna kumbukumbu nyingine ya uwanja huo ambayo mtu anayezungumzia mambo ya kimataifa mkoani Kigoma hana ruhusa ya kuisahau. Mwezi wa Mei 2015, machafuko ya Burundi yalipowatoa watu makwao, maelfu walifika Kagunga, kijiji chembamba kilichobanwa kati ya mlima na maji karibu na mpaka. Kipindupindu kikaingia. Barabara ya kuwatoa haikuwepo, na meli iliyowachukua makundi kwa makundi hadi bandari ya Kigoma ilikuwa Liemba. Walipofika, wengi walipumzishwa katika Uwanja wa Lake Tanganyika kabla ya kupelekwa kambini. Basi uwanja huu umekwisha kuwapokea wageni wa kimataifa, nao hawakuja na bendera wala ngoma, wala hakuna aliyewapigia picha za matangazo ya utalii. Mkoa ulioanzisha kambi ya Nyarugusu mwaka 1996 kwa ajili ya ndugu wa Kongo, ukabeba Nduta na nyinginezo kwa ajili ya ndugu wa Burundi, umefanya kazi ya ujirani kwa niaba ya taifa zima. Sasa linapokuja jambo la furaha lenye jina la Pamoja, mkoa huo ukiambiwa ukae utazame, patakuwa na kasoro kubwa ya hesabu.

Tena ziwa hili si geni kwa soka la Afrika. Nchi nne zinazolizunguka ni Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Kongo ililitwaa Kombe la Mataifa mwaka 1968, na mwaka 1974 ikalitwaa tena ikiitwa Zaire. Zambia ililitwaa mwaka 2012, huko Libreville, karibu na mahali ambapo ndege iliyobeba timu yake ilianguka mwaka 1993. Tanzania yenyewe ilipata njia ya kwenda fainali zake za kwanza, zile za Lagos za mwaka 1980, kwa bao la Peter Tino dhidi ya Zambia mjini Ndola mwaka 1979. Burundi ilifika fainali kwa mara ya kwanza mwaka 2019 nchini Misri, mwaka uleule ambao Kenya, Uganda na Tanzania nazo zilikuwepo. Nchi tatu zinaandaa, lakini Jumuiya ya Afrika Mashariki imekwisha kuwa na wanachama wanane: Burundi imo tangu 2007, na Kongo iliingia mwaka 2022. Mashabiki wa nchi hizo wakitaka kuja kutazama, hawatapita wote angani. Mwenye fedha wa Kinshasa atapanda ndege. Mchuuzi wa Kalemie, mwalimu wa Uvira, fundi wa Rumonge na kijana wa Mpulungu watashuka kwenye maji.

Ni kweli kwamba vita vya mashariki ya Kongo, vilivyofika hadi Uvira mwezi wa Desemba 2025, vinaweza kuvuruga kila hesabu. Hakuna mpira unaotangulia amani. Lakini hata katika miaka mibaya biashara ya ziwa haikukoma. Saruji na unga vilivuka, mawese na vitenge vilivuka. Mahali penye njia ya kilo hamsini za dagaa hapakosi njia ya mtu na tiketi yake.

Mtu huyo anayeshuka Kigoma atakuta nini? Reli ya Kati ilifika hapo mwaka 1914, enzi za Wajerumani. Stesheni iko karibu na gati, nao walioipanga walijua wanalolifanya, maana mzigo ulitoka melini ukaingia mabehewani. Zaidi ya karne moja baadaye mpango ule wa kikoloni bado una akili kuliko ratiba zake. Reli mpya ya kisasa imekwisha kuonyesha kinachowezekana: tangu katikati ya mwaka 2024 treni ya umeme inakwenda Dar es Salaam hadi Dodoma, na ile ya haraka huchukua chini ya saa nne. Mkataba wa kipande cha Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulitiwa saini mwezi wa Desemba 2022, na mwezi wa Januari 2025 ukafuata wa Uvinza hadi Musongati, Burundi. Kazi hizo ni kubwa, nazo hazikubuniwa kwa ajili ya mpira. Zinajengwa kwa ajili ya shaba, nikeli na mizigo ya karne hii. Ingekuwa ni kuwadanganya wananchi kuwaambia kwamba treni ya umeme itawabeba kutoka ufukweni kwenda kwenye Kombe la 2027. Kwa mashindano hayo, mkoa utategemea reli ya kale yenye njia nyembamba.

Ndiyo maana reli hiyo ya kale haipaswi kudharauliwa katika mipango. Wapangaji wengi wanavutiwa na kitu kipya hata wanasahau kukiweka sawa kilichopo. Mabehewa ya ziada kwa wiki nne, injini zilizokaguliwa, maji vyooni, na treni inayotangazwa na kutoka siku iliyotangazwa: haya hayahitaji mkutano wa wakuu wa nchi. Ujerumani, ilipoandaa mashindano ya mataifa ya Ulaya mwaka 2024, ilimpa kila mwenye tiketi ya mechi haki ya kupanda usafiri wa umma wa mji wa mechi kwa saa 36 bila nauli nyingine. Tanzania haina lazima ya kuiga kila la Ulaya, na haina mfuko wa kuliiga lote. Hata hivyo fikra yenyewe ni sahihi: tiketi ya mechi na tiketi ya safari zinaweza kuwa karatasi moja. Mtu wa Kigoma, wa Tabora au wa Shinyanga akinunua kiti Uwanja wa Mkapa, auziwe na kiti cha treni papo hapo kwa bei inayojulikana, kabla walanguzi hawajaingia kati yake na dirisha.

Ulanguzi hauwezi kupitwa kimya. Katika kila mji unaopata mgeni, bei ya chumba hupanda usiku mmoja, na mwenye boti aliyekuwa akitoza nauli ya kawaida hugundua ghafla kwamba mafuta yameadimika. Mgeni hulipa mara moja akaondoka na kinyongo chake. Mwenyeji hulipa miezi mingine yote, kwa sababu bei iliyopanda huwa na uzito wa kushuka. Halmashauri ya Manispaa ya Kigoma/Ujiji ina madaraka ya kutosha ya kuorodhesha nyumba za wageni, kukagua usafi wake na kutaka bei zibandikwe mlangoni. Kazi hiyo ianze mapema, maana ikianza wiki ya mechi itakuwa ni kuwakamata akina mama wenye sufuria wakati wenye hoteli wanatazama dirishani.

Sasa ziwa lenyewe. Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa ndani ya makasha 5,000 hivi, ikaletwa Kigoma na kuingizwa majini mwaka 1915 ikiitwa jina la gavana wao, Graf von Götzen. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916. Waingereza waliiopoa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Tangu hapo, kwa karibu karne nzima, ndiyo iliyokuwa soko, posta na hospitali ya vijiji vya pwani ya kusini hadi Mpulungu. Mwaka 2018 ilisimama ikingoja matengenezo makubwa, na katika miaka iliyofuata mwananchi wa vijiji hivyo alirudi kwenye boti za mbao, zilizojaa watu, magunia na mitungi ya mafuta, katika ziwa lenye kina kinachozidi meta 1,400 na upepo usiopiga hodi.

Watu wa mijini huizungumzia Liemba kama kitu cha makumbusho. Wanapenda habari zake za vita na za filamu. Kwa mtu wa Kalya au Ikola ni usafiri, na usafiri husifiwa kwa kufika. Kama kuna kazi moja mkoani Kigoma inayostahili kufungwa kwenye tarehe ya Kombe la Afrika, basi ni hii ya kuwa na huduma ya meli ya abiria yenye ratiba, kusini hadi Mpulungu na kaskazini hadi Bujumbura, pamoja na safari za Kalemie hali ya usalama itakaporuhusu. Shabiki ataitumia wiki mbili. Mjamzito, mwanafunzi na mchuuzi wataitumia miaka thelathini.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa Dar es Salaam hawawezi kulifahamu upesi. Tangu mwaka 2024 Tanzania iliungana na majirani katika kulifunga Ziwa Tanganyika kwa uvuvi kwa muda wa miezi mitatu, tangu 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Hatua hiyo ni ya haki, kwa maana dagaa na migebuka walikuwa wakipungua mbele ya macho ya wote. Lakini kwa Kibirizi na Katonga, miezi mitatu ya kufungwa ni miezi mitatu ya vichanja vitupu, boti zilizopinduliwa mchangani na vijana waliokaa vibarazani. Utaratibu huo ukiendelea, na mashindano yakiangukia katikati ya mwaka, basi wageni watafika wakati uleule ambapo mkoa una boti zisizo na kazi, mabaharia wanaolijua ziwa, na familia zinazohitaji kipato kuliko wakati mwingine wowote. Mwenye mipango angefurahi kuona bahati hiyo. Boti zikikaguliwa, zikawekewa majaketi ya kuokolea na idadi ya abiria ikaandikwa ubavuni, mvuvi aliyeambiwa apumzike anaweza kuwa mchukuzi halali kwa msimu. Zisipokaguliwa, atakuwa mchukuzi vilevile, ila wa magendo na wa hatari.

Kuhusu utalii itoshe kusema machache. Gombe na Mahale zinajulikana duniani kwa sokwe wake, na Ujiji ina miembe yake, njia yake ya misafara ya pembe na watumwa, na kumbukumbu ya Livingstone na Stanley waliokutana hapo mwaka 1871. Wageni wa mpira wenye fedha watapelekwa Mahale kwa ndege ndogo moja kwa moja kutoka Arusha, watapiga picha, watarudi Arusha. Mji wa Kigoma utasikia mlio wa injini. Fedha itakayobaki mkoani ni ya yule anayeshuka mjini, anayelala Mwanga, anayekula ugali kwa kuhe sokoni. Na huyo huletwa na treni na meli zilizokwisha kutajwa.

Linabaki suala la uwanja. Uwanja wa Lake Tanganyika ni mali ya Chama Cha Mapinduzi, kama vilivyo viwanja vingi vya mikoani, Kirumba, Sokoine na Kambarage miongoni mwavyo. Viwanja hivyo vilijengwa kwa nguvu na michango ya wananchi. Kwa sababu hiyo swali la nyasi, vyoo na majukwaa ya Kigoma haliwezi kupelekwa Cairo, wala haliwezi kusingiziwa Wizara. Mwenye mali ni Chama, na mwenye mali ndiye anayeulizwa. Mwaka 2021 ilionekana kwamba uwanja huo, ukipewa mwezi mmoja wa kazi ya dhati, unaweza kupokea fainali ya taifa. Ukipewa mwaka mmoja unaweza kuwa mahali ambapo timu inayojiandaa na Kombe la Afrika inaweka kambi: hali ya hewa ya ziwa ni tulivu katikati ya mwaka, na Burundi, Zambia au Kongo zikifuzu, hazitakuwa ugenini kabisa. Hata timu isipopiga kambi hata moja, uwanja utakuwa umetengenezwa, na Mashujaa watacheza humo pamoja na wale wavulana na wasichana wa shule wanaocheza sasa kwenye mchanga wa ufukweni. Mkoa huu umetoa wachezaji wa taifa, golikipa Juma Kaseja akiwa mmoja wao, bila ya kupewa vifaa vya maana. Mtu ana haki ya kuuliza ungetoa wangapi kama ungekuwa navyo.

Mwezi wa Agosti 2025, Tanzania, Kenya na Uganda zilipoandaa pamoja mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, mechi za upande wa Tanzania zilichezwa Dar es Salaam na Unguja. Taifa Stars iliifunga Burkina Faso mabao mawili katika mechi ya ufunguzi, na ikatolewa na Morocco kwa bao moja katika robo fainali. Mikoani watu walitazama katika vibanda umiza, wamebanana juu ya mabenchi, kila mmoja akilipa kiingilio chake kwa mwenye televisheni. Hakuna aibu katika kibanda umiza. Lakini mkoa una viwanja vya wazi, una umeme, na skrini moja kubwa inaweza kukodiwa kwa wiki nne, ikawekwa Mwanga au Ujiji, na wenye biashara ndogo wakapangiwa nafasi kuizunguka bila kudaiwa ushuru usioeleweka. Nyarugusu nayo iwe na yake. Huko wamo vijana waliozaliwa kambini ambao timu ya Kongo wanaijua kwa redio tu.

Kuhusu mpaka, maofisa wa uhamiaji na forodha wa Kagunga, Kibirizi na bandari ya Kigoma wanafahamu vizuri kuliko mtu mwingine yeyote ni saa ngapi boti za Burundi hufika, ni karatasi gani abiria huwa hawana, na ni wapi foleni hukwama. Washauriwe wao kabla ya washauri wa kulipwa. Na tarehe za mechi zitakapokuwa mezani, watendaji wa reli na watendaji wa meli, ambao wote ni watumishi wa umma, wakae chumba kimoja mjini Kigoma na kulinganisha saa zao, ili abiria atakayeshuka gatini jioni akitokea ng'ambo asikute kwamba treni ya Dar es Salaam imeondoka asubuhi yake, na inayofuata ni ya siku tatu mbele, mechi ikiwa imekwisha kuchezwa.